KIJANA, WAMJUA BABA WA BABU YAKO?

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na sahaba zake wote. Amma baad.



Maneno haya niliyasema mbele ya vijana baada ya futari ya pamoja, na nimeombwa niyaandike ili nawe ambaye hukuwahi kufika upate fungu lako. Basi yasome kana kwamba umekaa pale mkekani pamoja nasi, kikombe cha kahawa mkononi, tukingoja adhana ya Isha.

Naanza na swali dogo. Jina lako walijua. La babako walijua. La babu pia walijua, maana umelizoea katika makaratasi. Haya, baba wa babu yako ni nani? Siku ile niliomba kila awezaye kufika jina la nne anyanyue mkono, na mikono ikawa mingi. Tulipofika jina la saba ikabaki ya ndugu zetu Wasomali, ambao hufundishwa abtirsi tangu udogoni, mtoto akazitaja nasaba zake kama anayesoma juzuu. Kisha nikauliza upande wa pili: bibi yako aliyemzaa mamako, yeye mamake nani, na alizaliwa wapi? Hapo hata mikono ya Wasomali ilishuka. Ukumbi ukawa kimya.

Wallahi sikuwacheka, maana hata mimi nilikuwa hivyo. Twajua kikosi kizima cha Arsenal, na nani alicheza mwaka gani, lakini damu inayotembea katika mishipa yetu hatujui imetoka wapi. Na usidhani kuwa haya ni mambo ya wazee kujifurahisha tu. Kuna halali na haramu ndani yake. Nisikilize.

Kuna jambo lililotokea katika ukoo wetu, na majina sitayataja. Kijana wetu mmoja alipeleka posa. Msichana ana dini, ana adabu, amelelewa Malindi na mamake mdogo, kwa kuwa mamake mzazi alifariki alipomzaa. Wazee wakakubaliana, mahari yakatajwa, nikaha ikapangwa Mfungo Mosi, wiki moja baada ya Idi. Kadi zikachapishwa. Mpishi wa biriani akapewa arbuni.

Siku ya ishirini na kitu ya Ramadhan akaja bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa jirani yetu zamani kabla hajahamia Lamu kwa mwanawe. Akafuturu nasi. Katika mazungumzo akatajiwa arusi, akauliza bibi arusi ni mtoto wa nani. Akaambiwa. Akaiweka sahani chini, akasema: "Huyu si yule mtoto aliyefiwa na mamake, akakaa humu humu nyumbani siku arubaini kabla ya kuchukuliwa? Mbona mwamwoza nduguye?"

Yule mama wa kijana, Allah amrehemu, wakati ule alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wake kijana. Akamchukua mtoto wa jirani aliyefiwa, akawanyonyesha wote wawili muda wa siku arubaini. Wanaume wa nyumba zote mbili hawakuwapo: mmoja alikuwa kazini Saudia, mwengine melini. Waliporudi waliambiwa kuwa mtoto alitunzwa na majirani. Nani alimnyonyesha, hakuna aliyeuliza. Bibi wa kijana alijua, lakini alishakufa. Kwa hivyo jambo lile lilikuwa limebaki katika kifua cha mtu mmoja tu duniani, tena mwenye umri wa kuhesabiwa siku.

Sasa hukumu yake, na vijana wengi hatuijui. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 23, Allah (SW) anapowataja wanawake walioharamishwa kuolewa, amemtaja mama aliyekunyonyesha na ndugu zako wa kunyonya. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa pwani twayafuata, mtoto akinyonya mara tano zilizo mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, yule mwanamke amekuwa mamake, na watoto wote wa mwanamke huyo ni ndugu zake, wakubwa na wadogo. Si lazima wawe wamenyonya siku moja. Kwa hivyo aliyesema pale, "Lakini kijana ni mkubwa kwake, hawakunyonya pamoja," neno lake halikuwa na nguvu.

Na si jambo geni. Sahaba mmoja, Uqba bin al-Harith (RA), alikwisha kuoa, akaja mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, yeye na mkewe. Uqba alipanda mnyama wake akasafiri mpaka Madina kumuuliza Mtume (SAW). Jawabu aliyoipata ilimfanya aachane na yule mke. Habari hii imepokewa na Imam Bukhari.

Wazee walikwenda kwa sheikh, wakamwita yule bibi, akaeleza, na nikaha haikufungwa. Sitakudanganya kuwa lilikuwa jepesi. Msichana alilia. Kijana hakutoka nje siku tatu, hata sala ya Idi alisalia pembeni akaondoka. Watu wa mtaa wakasema yao. Lakini hebu fikiri: lau yule bibi angekawia kuja wiki mbili? Lau angekufa mwaka mmoja nyuma? Yeye mwenyewe hakufika Ramadhan iliyofuata. Innaa lillahi wainnaa ilayhi rajiun.

Wala usiseme, "Kwetu hayawezi kutokea." Uliza kwanza.

Tuje katika mirathi. Mtu amekufa, ameacha mke na mabinti wawili, hana mtoto wa kiume wala wazazi hawapo. Mke ana thumni, yaani sehemu 3 katika 24. Mabinti wana thuluthi mbili, yaani sehemu 16. Zimebaki sehemu 5. Hizo si za anayekaa karibu na nyumba, wala za anayepiga kelele zaidi. Ni za jamaa wa kiume wa upande wa baba aliye karibu zaidi: ndugu, mtoto wa ndugu, ami, mtoto wa ami. Na huyo mtoto wa ami yuko wapi? Pengine yuko Tanga, pengine Muscat, pengine yuko Majengo hapa na hamsalimiani. Akiwa hajulikani, haki yake italiwa, na mlaji huenda akawa wewe, bila kukusudia. Makadhi wetu hupelekewa kesi za mirathi kila siku, na swali la kwanza ni lile lile: warithi ni nani?

Kisha kuna kuunga udugu. Imepokewa na Imam Tirmidhi kwamba Mtume (SAW) alituhimiza tujifunze katika nasaba zetu kiasi cha kutuwezesha kuunga jamaa zetu. Na ni wazi: utamuunga vipi usiyemjua? Waweza kupigana na mtu kwenye matatu kumbe ni binamu yako. Sayyidna Abubakar (RA) alisifika kwa kuzijua nasaba za Makureshi. Na Sayyidna Umar (RA) alipoanzisha daftari la kugawa mali ya Waislamu, aliwaita wajuzi wa nasaba, akina Aqil bin Abi Talib na Jubayr bin Mut'im, wamwandikie watu kwa koo zao. Elimu hii ilitumika kumfikishia mtu haki yake.

Hapa nisimame kidogo, maana najua kuna atakayenifahamu vibaya. Kuna watu wakishika nasaba hawaachi kujipiga kifua: sisi ni watu wa fulani, nyinyi ni watu wa kuja. Hilo Mtume (SAW) amelihesabu katika mambo ya ujahilia, kujifakhiri kwa mababu na kuzitia kasoro nasaba za wengine. Surat al-Hujurat, aya ya 13, imetufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu. Kujuana! Si kubaguana. Hapa kwetu pwani utumwa haukufutwa katika sheria mpaka mwaka 1907, juzi tu hapo. Kwa hivyo usishangae ukikuta katika nasaba yenu bibi aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara, au babu Mgiriama aliyesilimu, au mtu asiyejulikana babake. Mwandike kwa heshima kama wengine. Hao wasiojulikana baba zao, Surat al-Ahzab, aya ya 5, imewaita ndugu zetu katika dini. Anayemfuta bibi yake kwa haya, amemdhulumu mara ya pili.

Labda utasema, "Wazee wetu hawakuandika, na mambo yao yalikwenda sawa." Naam, hawakuandika wote, lakini walikaa na wajukuu zao. Tazama tarehe ya Pate. Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890, yasemekana kitabu cha asili cha habari za watawala wa Pate kiliteketea humo. Tungekosa yote. Lakini palikuwa na mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, watu wakimwita Bwana Kitini, ambaye alizipokea habari zile kutoka kwa babu yake. Akazisema, watu wakaziandika, na mwaka 1913 Stigand akazichapisha kwa Kiingereza. Kitabu kiliungua, lakini mjukuu alikuwa amesikiliza. Je, mimi na wewe tumesikiliza nini? Babu anazungumza, sisi macho yako kwenye simu.

Basi Ramadhan hii fanya kazi. Ni mwezi ambao jamaa hukutana kila magharibi, na wazee wako pale pale jamvini. Hizi hapa njia zilizonifaa:

Kwanza, nunua daftari moja gumu. Andika jina lako, la baba, la babu, uende juu mpaka wakwame. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa mama, na upande wa bibi zako wote wawili.

Pili, usimuulize mzee, "Nipe historia." Atakwambia hana. Mkalie karibu, msaidie bibi kuchambua mchele au kukata tambi, umuulize kitu kidogo: "Bibi, ulipoolewa mlikaa nyumba gani? Nani alikupamba?" Hapo mlango utafunguka wenyewe.

Tatu, mzee akisema hajui mwaka aliozaliwa, usimkate. Muulize palitokea nini. Alikuwa na umri gani wakati wa vita vya Hitla, wakati wa mafuriko ya 1961, siku ya Uhuru 1963, mvua za El Nino 1997? Utapata mwaka au karibu yake.

Nne, na hili ndilo lililonipandisha mimbari: uliza nani amemnyonyesha nani. Waulize mama na bibi, si wanaume. Andika jina la mtoto, la aliyemnyonyesha, na kwa muda gani. Pakiwa na shaka, mpelekee sheikh, usihukumu mwenyewe.

Tano, uliza deni, amana na wakfu. Kuna wazee wanajua shamba fulani ni wakfu wa msikiti, na wakifa nalo litauzwa.

Sita, picha za zamani zigeuze, uandike kwa penseli nyuma yake nani ni nani. Picha isiyo na jina, baada ya miaka ishirini ni picha ya wageni.

Saba, mrekodi mzee kwa simu kwa idhini yake, na uweke nakala katika nyumba tatu. Lakini usiyamwage mambo ya jamaa mitandaoni. Kuna siri za watu humo, na siri ni amana.

Mimi nilianza nikiwa nimechelewa. Bibi yangu mzaa mama alinilea, alinipikia daku, akaniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu. Alipokufa nikaingia kaburini kumlaza kwa mikono yangu. Usiku ule nikachukua kalamu niandike nasaba yake nimuombee kwa majina ya wazazi wake. Nikaandika jina lake na la babake. Jina la mamake sikulijua. Miaka yote ile hakunificha. Sikumuuliza.

Ndiyo maana nakuuliza wewe, msomaji. Leo magharibi, baada ya tende na maji, kabla hujaiinua simu, mgeukie mzee aliye karibu nawe umuulize: "Mamako aliitwa nani?" Halafu uandike.

Na yule kijana wetu? Alioa mwaka uliofuata, Alhamdulillah. Siku ya nikaha yake alisimama dada mmoja kutoka Malindi akiwapokea wageni. Dada huyo alikulia peke yake, akijua kuwa hana ndugu hata mmoja. Sasa anao watano, na kila Idi wanakwenda kumwona.

Ya Allah, warehemu wazee wetu waliotangulia, tunaowajua na tusiowajua. Warefushie umri katika kheri waliobaki, na utujaalie tuwe wenye kuunga tulivyoamrishwa kuviunga. Tukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.