Je, Lazima Programu Iwe ya Mtandao?
(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Siku hizi chama kinapotafuta programu ya kutayarisha hati, yaani stakabadhi, barua za wito wa mkutano na karatasi za malipo, mara nyingi sharti la kwanza katika zabuni huwa hili: ifanye kazi kupitia intaneti. Sharti hilo huandikwa pasipo kuulizwa sababu. Napenda leo tuliulize.

Sikatai kwamba mtandao una manufaa. Kiolezo cha barua kikisahihishwa mahali pamoja, matawi yote hupata kilichosahihishwa. Lakini kazi yenyewe, ya kuchukua majina katika daftari la wanachama na kuyajaza katika kiolezo, haihitaji intaneti. LibreOffice, ambayo hutolewa bure, huifanya ndani ya kompyuta iliyo mezani.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zake. Tuseme siku kama hiyo ni siku ya malipo ya pamba. Mkulima ametoka kwake alfajiri. Fedha ipo, karani yupo, ila karatasi ya malipo haitoki, kwa kuwa kiolezo kimewekwa mbali, mahali pasipofikika. Tutamwambia nini?

Lipo na jambo la pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hivyo katibu hana budi kujua majina na akaunti za wanachama zimehifadhiwa wapi, na siku ada ya programu isipolipwa, hati za chama zitapatikana kwa njia gani.

Basi katika zabuni tueleze kazi kabla ya kutaja chombo. Tuandike: programu itoe hati zote za siku ya malipo hata mtandao ukikatika, ipeleke nakala Chama Kikuu mtandao urudipo, na chama kiweze kuchukua hati zake zote wakati wowote. Atakayetimiza hayo, awe wa mtandao au wa mezani, apimwe kwa bei na huduma.

Ndugu zangu, mizani hatuipokei mpaka tumeijaribu kwa mawe yake. Programu nayo tuijaribu mbele ya muuzaji: tuchomoe waya wa intaneti, kisha tuagize stakabadhi moja.