Mchanga Ulio Chini ya Nyumba Yako ni wa Nani?



Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya Asri hapa Magogoni. Wengi mlikuwa kazini, wengine mko Ghuba, mkaomba niyaandike. Basi yasome polepole, kisha msomee na mzee aliye nyumbani kwako.

Ndugu yangu, dada yangu, nyumba unayolala leo ulijenga kwa jasho lako. Mlango ni wako, mabati ni yako, kuta ulizipandisha mwenyewe tofali kwa tofali. Nakuuliza swali moja tu: je, mchanga ulio chini yake ni wa nani?

Bibi yangu alijenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja, hakukosa hata mwezi mmoja. Risiti aliziweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Siku moja akaja kijana na karatasi mkononi, akasema shamba lishauzwa. Mwenyewe alikuwa amefariki, warithi wamegawana, na sisi hakuna aliyetuita. Bibi akatoa mkebe wake. Yule kijana akazitazama risiti moja moja, tena kwa adabu, kisha akamwambia: "Mama, hizi zaonyesha ulikuwa ukilipa. Hazionyeshi kwamba hapa ni pako."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Tukahamia vyumba viwili vya kupanga, na tulichobeba ni mabati, milango na ule mkebe.

Kwa hivyo nikizungumzia ardhi, sizungumzi mambo ya kitabuni.

Hebu tuelewane tulifikaje hapa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda huu wa Pwani. Aliyeweza kupeleka madai na kuyathibitisha akapewa hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali ya Mwingereza. Waliojua mambo ya karatasi walipata. Wengi waliokuwa wakilima, na wengi waliokuwa wametoka utumwani, hawakupata. Ndipo desturi ya nyumba bila ardhi ikashika mizizi Mombasa: wewe wajenga, mwenzio amiliki kiwanja. Kwa miaka mingi desturi hiyo ilituhifadhi, maana maskini aliweza kujenga mjini bila kununua ardhi. Lakini ilisimama juu ya neno la mtu na mtu. Daraja la Nyali la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980, bara hii ya Kisauni ikawa karibu na mjini, na bei ya ardhi ikaanza kupanda. Neno la mtu na mtu haliwezi kushindana na bei.

Kuna wanaosema, "Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka kumi na miwili, sheria yanipa ardhi." Taratibu, ndugu yangu. Kweli ipo sheria ya miaka kumi na miwili, lakini ni ya aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Ukiwa walipa kodi ya kiwanja, umekaa kwa ruhusa, na mahakamani hoja hiyo itakuangusha. Ulicho nacho kwa hakika ni haki ya notisi: baada ya marekebisho ya mwaka 2016, sheria ya ardhi yataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Hiyo ni ngao, ndiyo, lakini ni ngao ya siku tisini.

Sasa, kila kiongozi akija hapa atwambia dawa ni hati miliki. Likoni, mwezi Januari 2016, serikali ilitoa hati kwa wakaazi wa shamba la Waitiki, lile la ekari 930, baada ya kulinunua kwa mwenyewe. Mtu asikwambie hilo ni jambo dogo. Mtu aliyeitwa skwota miaka nenda miaka rudi akashika karatasi yenye jina lake! Mimi siipingi hati.

Lakini nakuomba ufikirie hatua moja mbele. Hati ikitoka, dalali naye hulala? Wewe wazijua siku zetu. Mtoto ameitwa chuo, karo hakuna. Mzee amelazwa, hospitali yadai. Kijana ameshikwa, watu watafuta dhamana. Hapo ndipo simu hulia: "Nina mtu wa pesa taslimu." Wauza kwa shida, si kwa bei. Pengine huuzi, wakopa kwa ile hati, biashara ikianguka ploti yaenda mnada. Mwisho wa yote mtaa wabaki na jina lake, lakini watu ni wengine. Hatukufukuzwa na tingatinga. Tulitoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake.

Basi kuna njia nyingine, nayo si ya kigeni kwetu hata kidogo. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, ardhi aliyoipenda kuliko mali yake yote, alielekezwa ashike asili yake na atoe manufaa yake. Haikuuzwa, haikutolewa zawadi, haikurithiwa. Hiyo ndiyo wakfu. Zipo nyumba na ardhi za wakfu hapa Mombasa hadi leo, na sheria ya Kenya ya Makamishna wa Wakfu ilitungwa mwaka 1951. Wazee wetu washajua zamani kwamba kitu ambacho hakiuziki, dalali hana la kufanya nacho.

Amana ya ardhi ya jamii yafuata fikra iliyo karibu na hiyo, kwa sheria ya kawaida, na ni ya kila mtu, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Yafanya kazi hivi: ardhi yote ya mtaa yashikwa kwa jina moja, jina la amana, na haiuzwi. Nyumba ni yako. Wapewa mkataba mrefu wa kukaa. Waishi, wapangisha vyumba kwa masharti mliyokubaliana, na ukifa watoto wako warithi nyumba. Siku ukitaka kuhama, wauza nyumba, lakini huuzi mchanga. Na wa kwanza kuulizwa kama anunua ni amana yenyewe, ili nyumba iende kwa mwananchi wa hali yako.

Tuseme nyumba yako ina thamani ya laki nne, na kiwanja peke yake, barabara ikitiwa lami, chafika milioni mbili. Mwenye milioni mbili na laki nne si fundi wa kiwandani, wala mama wa mahamri, wala kijana wa tuktuk. Lakini laki nne, kwa chama na kwa kulipa kidogo kidogo, mmoja wao aweza. Ukitoa bei ya ardhi kwenye hesabu, nyumba yarudi mikononi mwa watu wetu.

Na usifikirie ni ndoto. Nenda Voi, si mbali. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakaazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni waliulizwa, katika mradi wa miji midogo uliofanywa na serikali kwa msaada wa Wajerumani: mwataka kila mtu hati yake, mwataka ushirika, ama mwataka amana ya ardhi? Walikuwa watu wa kipato cha chini kama sisi. Wakachagua amana, kwa sababu waliogopa lile lile tunaloliogopa: hati kutoka leo, na kesho matajiri kununua.

Sitakudanganya kwamba Voi kulikuwa asali tupu. Sheria za wakati ule hazikuwa na chombo kimoja cha jambo kama hilo, ikabidi waunde viwili, chama cha wakaazi na amana yenye wadhamini. Karatasi zilichukua miaka mingi. Subira ikapungua, na wengine wakaanza kudai hati ya mtu binafsi. Tuchukue funzo: umoja wa watu waweza kuchoka kabla karatasi hazijafika.

Funzo jingine latoka mbali. Mwaka 1969, huko Georgia, Marekani, watu weusi waliokuwa katika harakati za haki za kiraia, wengine wametimuliwa mashambani kwa sababu walijiandikisha kupiga kura, walinunua zaidi ya ekari 5,000 wazimiliki pamoja. Waliiita New Communities, na ndiyo yatajwa kuwa amana ya kwanza ya namna hii kule. Ukame ukaja, mkopo wa dharura wa serikali wakacheleweshewa kwa ubaguzi, madeni yakapanda, na mwaka 1985 ardhi ikapotea. Zaidi ya miaka ishirini baadaye walishinda kesi na kulipwa fidia, lakini ile ardhi ilikuwa ishakwenda. Kwetu sisi hiyo ni sharti la kwanza: ardhi ya pamoja isiwekwe rehani, hata kwa jambo jema.

Jumamosi mzee mmoja alisimama akaniuliza: "Kijana, wewe wataka kuninyima faida ya mali yangu?" Ni swali la haki. Nilimjibu ukweli. Ndiyo mzee, ukiingia kwenye amana, hutauza siku moja ukapata mamilioni. Hilo waliacha. Unachopata ni kwamba hakuna kijana atakayekuja na karatasi. Kila mtu apime mwenyewe kipi kizito.

Dada mmoja naye akauliza: "Na hao wadhamini wakila?" Wallahi hilo ndilo lanikosesha usingizi. Mashamba ya pamoja ya Umaasaini, yaliyosajiliwa kwa sheria ya mwaka 1968, mengi yaligawanywa baadaye, na mara nyingi wanakamati na jamaa zao wakajimegea vipande vikubwa. Kwa hivyo neno zuri la "jamii" halitoshi. Kamati ichaguliwe kwa muda maalumu. Hesabu zisomwe mbele ya watu. Wanawake wawemo, na wapangaji wawemo pia, maana wao ndio watakaokuwa wa kwanza kutolewa. Na isiwezekane kuuza ardhi kwa sahihi za watu watatu gizani.

Basi tufanye nini? Nakuomba mambo manne kabla ya mkutano ujao.

Kwanza, tafuta risiti zako zote za kodi ya kiwanja, zipige picha, umpe nakala mtu unayemwamini. Hazithibitishi umiliki, lakini zathibitisha kwamba wewe upo na una makubaliano.

Pili, tujihesabu. Kila nyumba: nani alijenga, mwaka gani, vyumba vingapi, nani apanga, kodi ya kiwanja yalipwa kwa nani. Vijana watapita mlango kwa mlango. Wapokeeni.

Tatu, twende ofisi ya ardhi tufanye upekuzi tujue kila kipande kimeandikwa jina la nani leo. Tusisubiri kuambiwa.

Nne, tumtafute mwenye shamba, ama warithi wake, tukae nao mapema kama majirani, tuulize kama wako tayari kutuuzia sisi sote kwa pamoja. Kuongea na mwenyewe kabla ya dalali ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni wakili na mchango, na mchango wa nyumba mia si sawa na wa nyumba moja.

Ule mkebe wa bibi ninao mimi sasa. Niliuweka mezani Jumamosi, watu wakauona. Nenda kautoe wako chini ya kitanda leo, si siku utakapogongewa mlango.

Wabillahi tawfiq.