Kijana Aliyeambiwa "Hapana" Mara Nyingi

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika za Musoma, Bunda na Butiama



Najua wengi wenu mlitegemea nizungumzie visima au mbuzi wa maziwa, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Leo naomba tuviweke kando. Nataka tuzungumze juu ya kijana aliyemaliza chuo, ambaye kila mmoja wetu anaye nyumbani kwake au kwa jirani. Anaomba kazi mwaka wa tatu, wa tano, hata wa nane, na kila mara jibu ni hapana. Au hakuna jibu lolote, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi.

Yupo kijana mmoja wa Bunda, jina lake nalihifadhi. Ana shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili. Baba yake aliuza ng'ombe ili amalize. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kwanza akaacha mazoezi ya kwaya, halafu akahama kutoka ibada ya pili kwenda ya kwanza, ile ya alfajiri yenye watu wachache, halafu akaacha kuja kabisa. Mwinjilisti alipomfuata nyumbani akidhani imani imepoa, kijana alimwambia kwamba imani anayo, ila hawezi tena kupita pale mlangoni. Pale mlangoni, kila Jumapili, watu wanaompenda kwa dhati walimshika mkono na kumwuliza, "Vipi mwalimu, bado?"

Neno hilo "bado" nawaomba tulitazame vizuri. Anayeuliza anajua ameonyesha upendo. Anayeulizwa anasikia hukumu, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna dhana kwamba mtu aliyesoma vizuri na kuomba vizuri angekuwa ameshapata. Je, dhana hiyo ni ya kweli? Tuangalie hesabu.

Mnakumbuka mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, na vijana zaidi ya 10,000 wakaitwa kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Picha zile zilishangaza nchi nzima. Lakini mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilikuwa na nafasi 1,596 na waombaji 135,027, yaani watu wapatao 85 kwa kila kiti kimoja. Kwa upande wa walimu, ambao ndio wengi katika sharika zetu, awamu ambayo usaili wake ulianza Januari 2025 ilikuwa na nafasi 14,648 na waombaji 201,707. Sasa tuseme wote hao 201,707 wangekuwa walimu hodari, vyeti safi, usaili wamejibu bila kosa. Bado watu 187,059 wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Naomba wajumbe waandike hesabu moja zaidi, maana nimeona inawasaidia wazazi kuliko mahubiri mengi. Kwa walimu hao ni nafasi moja kwa watu wapatao 14. Kama ingekuwa bahati nasibu tu, na kijana wako akajaribu mara tano katika hali hiyohiyo, uwezekano wa kukosa mara zote tano ni asilimia 69. Akijaribu mara kumi, bado ni karibu nusu kwa nusu. Basi kijana aliyekosa mara tano hajaonyesha kwamba ana kasoro. Ameonyesha kwamba yuko katika foleni ndefu.

Kwa nini basi wazazi huona kasoro? Si kwamba ni wakali. Wanapima kwa kipimo cha zamani. Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alikuwa anasubiri tu kupangiwa kituo na Serikali, na aliyebaki nyumbani ndiye aliyekuwa na jambo. Hali ikabadilika. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimamishwa kwa muda ili kuhakiki watumishi hewa, na zilipofunguliwa kipaumbele kilikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa Historia na Kiswahili wakaanza kurundikana mwaka hadi mwaka, na mapema 2025 tuliwasikia walimu wasio na ajira, baadhi yao wahitimu wa tangu 2015, wakiunda umoja wao na kusema hadharani. Kijana wetu wa Bunda hakuchagua kuzaliwa katika miaka hiyo.

Pamoja na hayo, sitaki tutoke hapa tukisema yote ni foleni, basi tukae. Kuna "hapana" za aina tofauti, na kamati inaweza kumsaidia kijana kuzitofautisha. Hili nitalieleza kwa kirefu kidogo.

Kazi nyingi za Serikali sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa mfumo wa Ajira Portal. Kijana anaweza kukataliwa kabla hata ya kuitwa. Hapo mara nyingi jambo ni karatasi: barua ya maombi haikusainiwa, cheti hakikuthibitishwa na mwanasheria, ameweka hati ya matokeo mahali panapotakiwa cheti chenyewe, au majina hayafanani. Hili la majina kwa watu wa Mara ni tatizo kweli. Mtoto aliandikishwa shule kwa jina la Marwa, akabatizwa jina lingine, kitambulisho cha taifa kikaandika la babu, na herufi moja ikaachwa njiani. Kompyuta haijui kwamba Bhoke na Boke ni mtu mmoja. Dawa yake ni nyaraka za kisheria za kuthibitisha jina, kama hati ya kiapo, na si maombi ya kufunga peke yake. Kijana afungue akaunti yake aangalie kama sababu imeandikwa. Wengi hawaangalii, kwa sababu kuangalia kunauma. Basi akae na mtu mwingine, waangalie wawili.

Aina ya pili ni kuitwa na kuanguka kwenye usaili wa mchujo, ule wa kuandika. Huu una maandalizi, na maandalizi ya kikundi ni bora kuliko ya mmoja chumbani. Tunavyo vyumba vya shule ya Jumapili ambavyo hukaa tupu siku sita.

Aina ya tatu watu wengi hawaijui. Kijana anafaulu mchujo, anafaulu mahojiano, halafu jina lake halionekani katika orodha ya walioitwa kazini, kwa sababu nafasi zimejaa na waliomzidi alama. Huyu hakushindwa usaili! Sekretarieti huweka waliofaulu namna hiyo katika kanzidata na huweza kuwaita nafasi nyingine ikijitokeza. Nimekutana na familia iliyokuwa inamsema binti yao kama mzembe, kumbe alifaulu hatua zote. Simu yake ilikuwa imezimwa kwa kukosa kuchajiwa, na hakuna aliyejua kwamba simu ile ndiyo ingebeba habari.

Niseme na la nne, ambalo halistahili kuitwa jibu. Wako matapeli wanaopiga simu na kusema, "Mzee, jina la mwanao nimeliona, tuma kidogo nilisukume." Nafasi za Sekretarieti haziuzwi. Mzazi aliyechoka kusikia hapana ndiye windo lao, na katika eneo letu ng'ombe wamekwenda kwa njia hiyo.

Sasa nije kwenye siku zenyewe, zile za katikati ya ombi moja na jingine. Wazee wa Musoma mnakumbuka MUTEX, kiwanda chetu cha nguo, na jinsi mji ulivyobadilika kiliposimama. Huko Austria kilikuwapo kijiji kiitwacho Marienthal, kilichoishi kwa kiwanda cha nguo kama chetu. Kiwanda kikafungwa, na watafiti wakaenda kukaa na watu wale. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Walitegemea kwamba watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Wakakuta kinyume: vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama njiani, na jioni hawakuweza kueleza mchana walifanya nini. Wanawake, ambao bado walikuwa na watoto na jiko, siku zao zilibaki na umbo.

Nikisoma habari hiyo namwona yule kijana wa Bunda amekaa chini ya mwembe na simu. Ninavyoamini mimi, barua ya kukataliwa humwumiza mtu kwa siku chache. Kinachomharibu ni miezi ambayo hakuna anayemtegemea kwa lolote saa nne asubuhi.

Wapo watakaosema ajiajiri. Neno hilo mara nyingi hutoka kwa wenye mshahara, na nimelisikia mpaka nimechoka nalo. Kujiajiri kunataka mtaji na soko, na halmashauri zetu zinayo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo vikundi vya vijana vina fungu lao la asilimia 4. Kamati zisaidie vikundi kuomba. Lakini kumwambia mtu "jiajiri" mlangoni pa kanisa na kuendelea na safari ni njia nyingine ya kumwuliza "bado?"

Hapa Butiama tunao mfano wetu, ingawa sitaki kuulazimisha. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere, mwenye shahada ya Edinburgh, aliacha kazi ya ualimu Pugu na kurudi kijijini bila mshahara. Yeye aliacha mwenyewe, hakukataliwa. Ninachokitazama ni kwamba katika miezi ile alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll. Alikuwa na mtu aliyemngojea akiwa na daftari.

Basi kamati ifanye nini? Idara yetu inapendekeza mambo machache, nanyi mtayarekebisha.

Kwanza, kazi yenye saa. Kijana apewe jukumu ambalo lisipofanyika litaonekana: hesabu za mradi wa mashine ya kusaga, masomo ya jioni ya watoto wa darasa la saba, takwimu za usharika. Alipwe posho, hata ndogo, na aandikiwe barua ya utambulisho inayosema alifanya nini na kwa muda gani. Tahadhari: tusigeuze unyonge wake kuwa nguvu kazi ya bure. Akiitwa usaili, aruhusiwe kuondoka siku hiyohiyo, bila manung'uniko.

Pili, mfuko wa nauli. Usaili unapofanyika Dodoma, kijana wa Musoma anapita Bunda, Mwanza, Shinyanga na Singida, siku nzima barabarani, na bado anahitaji mahali pa kulala. Wako wanaoitwa na hawaendi kwa kukosa nauli, halafu nyumbani wanasema hawakuitwa, maana kukataliwa ni aibu ndogo kuliko kuomba nauli kwa mara ya sita. Ndugu wahisani, najua mfuko wa nauli hauna picha nzuri. Kisima mnaweza kukipiga picha mkabandika ofisini kwenu. Tiketi ya basi haibandikiki. Naomba mtuamini kwa hili. Aidha, sharika zetu zinao washarika Dodoma. Kitanda cha usiku mbili kwa mtoto wa usharika mwenzao hakihitaji bajeti.

Tatu, daftari. Mwaka 1994 watafiti huko Texas walichapisha habari za wataalamu 63 waliokuwa wamepoteza kazi. Baadhi waliombwa kuandika, dakika 20 kwa siku, siku tano mfululizo, mambo ya moyoni kuhusu kupoteza kazi. Hao walipata ajira mapema kuliko wenzao, ingawa hawakuomba kazi nyingi zaidi. Watafiti walidhani uchungu uliotolewa kwenye karatasi hauendi tena kwenye chumba cha usaili. Daftari halina gharama kubwa, na asilazimishwe kumwonyesha mtu.

Nne, na hili ni letu sisi tunaoajiri. Shule, zahanati na miradi ya kanisa nayo hutangaza nafasi. Napendekeza kila tangazo letu liandike tarehe ya majibu, na kila mwombaji ajibiwe ifikapo tarehe hiyo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu wenye mstari mmoja. Mtu aliyeambiwa hapana Jumatano anaweza kupanga Alhamisi yake.

Kuhusu yule kijana wa Bunda, mwinjilisti wake amemkabidhi darasa la watoto 22 wa kipaimara kwa Jumamosi. Kazi hajapata. Anakuja ibada ya pili, anaingia kwa mlango wa pembeni pamoja na watoto wake, na wazee wamekubaliana kumwuliza habari za darasa.

Fomu za mapendekezo ya mfuko wa nauli anazo katibu wa semina. Kila usharika uchukue mbili na kurudisha moja kabla ya mwisho wa mwezi. Nakaribisha maswali, tuanze na wajumbe wa Butiama kwa sababu gari lao linaondoka mapema.