Kulenga Shabaha na Utunzaji wa Silaha

Kulenga shabaha ni mchezo uliokuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens, mwaka 1896. Leo washindani hupiga kutoka umbali wa mita 10, 25 na 50. Katika bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya katikati ina upana wa nusu milimita tu. Ndiyo maana pumzi iliyotulia hushinda nguvu za mkono.

Kanuni za usalama ni nne: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi; mtutu usielekezwe kwa mtu; kidole kisiguse kifyatulio kabla ya kulenga; na kilicho nyuma ya shabaha kijulikane.

Baada ya kupiga, risasi zote hutolewa, chemba hukaguliwa, kisha mtutu husafishwa na kupakwa mafuta kidogo. Ala ya ngozi haifai kuhifadhia, kwani hushika unyevu na kuleta kutu, hasa pwani. Silaha hufungiwa katika kabati la chuma, risasi zikiwekwa mbali. Nchini Kenya na Tanzania, kumiliki bunduki bila leseni ni kosa la jinai. Kila mmiliki azingatie haya, maana risasi ikishatoka hairudi.