Mlonge na Ndugu Zake



Leo nataka tuuzungumzie mti ambao wengi wetu tunao uani, yaani mlonge, au mzunze kama uitwavyo na wengine. Mtu akiyaona maganda yake marefu yakining'inia, husema mara moja, "Huu ni wa jamii ya kunde." Asichekwe. Carl Linnaeus, mtaalamu mkubwa wa Sweden, alipoandika majina ya mimea mwaka 1753, naye aliuweka pamoja na mkomwe, ule ambao mbegu zake twachezea bao. Mkomwe ni wa jamii ya kunde kweli, mlonge sivyo.

Ushahidi u mikononi mwenu. Chukueni ganda la kunde lililokauka: hupasuka vipande viwili. La mlonge hupasuka vipande vitatu, na kila mbegu ina mbawa tatu nyembamba kama karatasi. Kisha tafuneni jani bichi. Jani, nasema, si mzizi, kwa maana gome la mzizi lina sumu. Ukali ule ni wa namna moja na wa haradali, na mbegu za papai pia zinao. Ndiyo alama ya ukoo. Mpango mpya wa kuainisha mimea, uliotolewa mwaka 1998 baada ya kuchunguza chembe za urithi, uliweka mlonge, mpapai, haradali, kabichi na sukuma wiki katika kundi moja kubwa, na mpapai ndio ulio karibu na mlonge kuliko yote. Nani angalidhani?

Ukoo wa mlonge wenyewe ni mdogo, aina 13 tu. Huu wa uani ulitoka India. Lakini zaidi ya nusu ya aina hizo ni wenyeji wa Ethiopia, Somalia na kaskazini ya Kenya. Mmoja hupandwa na Wakonso wa Ethiopia, nao hula majani yake kila siku. Nyingine ni vichaka vifupi vyenye mizizi minene kama viazi. Aina moja ya kaskazini-mashariki mwa Kenya ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1985 tu.

Basi, ninyi mchungao mifugo huko kaskazini, mkiuona mti wenye ganda la vipande vitatu, msiukate kuni. Kateni tawi dogo lenye maua, likausheni katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, andikeni mahali lilipotoka, mlipeleke kwenye hifadhi ya mimea katika Makumbusho ya Nairobi.