Mali ni Amana



Wachezao kriketi Lugogo, hapa Kampala, wamejaaliwa mvua na nyasi. Sharjah ni jangwa. Hata hivyo Abdul Rahman Bukhatir, tajiri wa huko aliyeupenda mchezo huo alipokuwa akisoma Karachi, alijenga uwanja katikati ya mchanga, na mwaka 1984 likachezwa humo Kombe la Asia.

Lakini lipasalo kusifiwa zaidi si nyasi kumea jangwani. Mashindano aliyoyaanzisha mwaka 1981 yaliwachangia fedha wachezaji wa India na Pakistan, wakiwamo wastaafu, ambao kwa ujana wao waliwafurahisha maelfu.

Ndugu zetu, kila chama kina wazee wake. Mwenye nacho na awakumbuke wangali hai.