Mwanzo wa Picha za Sinema za Kutia Khofu
Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Msuka, Pemba



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila aliyepata kutazama picha ya sinema amelionja moyoni mwake, ingawa pengine hakulitafutia jina. Picha ndiyo kwanza imeanza. Hajauawa mtu, hakijatolewa kisu, na hata majina ya wachezaji bado hatujayashika. Lakini moyo umekwisha kuanza kwenda mbio, na yule aliyekuwa akitafuna njugu, mkono wake umesimama kabla ya kufika kinywani. Khofu hii ya kungojea, walimu wa fasihi huiita taharuki. Je, yatoka wapi, ilhali jambo lenyewe halijatokea?

Wengi hujibu kwamba yatoka katika giza, na ngurumo, na ngoma zinazopigwa kwa kishindo. Vitu hivyo vyasaidia, sikatai; lakini ni chumvi tu, si chakula chenyewe. Mimi nasema taharuki ni kazi ya khabari: nani ajua, nani hajui, na yule asiyejua amebakiwa na muda gani.

Chukueni mfano wa hapa hapa Msuka. Tuseme picha yaanza usiku, ufukoni. Twaona mikono ya mtu, uso hatuuoni, aking'oa kalafati katika mbao za chini za mashua, kisha akipaka tope mahali pale pasionekane. Alfajiri wavuvi wanne waja na nyavu zao. Wazungumza bei ya pweza, wataniana, na mmoja amemchukua mwanawe mdogo kwa kuwa chuoni siku hiyo hapasomwi. Mazungumzo hayo ya pweza yangalituchosha kabisa lau tusingaliiona ile mikono. Sasa kila neno latuchoma. Twataka kupiga kelele, "Msipande!" nao hawatusikii, waisukuma mashua majini.

Mwingereza Alfred Hitchcock, aliyetengeneza picha za namna hii tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1970, aliufafanua ufundi huo kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Bomu likilipuka ghafla, alisema, watazamaji watashtuka kwa sekunde 15. Lakini wakijulishwa mapema kwamba lipo, na saa ya kulipuka ni fulani, watakaa katika khofu kwa dakika 15, hata kama waliokaa mezani wanazungumza khabari za mpira.

Mmarekani Orson Welles alilifuata wazo kama hilo waziwazi katika picha yake Touch of Evil ya mwaka 1958. Mtu atega bomu la saa na kulitia nyuma ya motokaa. Mwanamume na mwanamke wapanda motokaa ile, wasijue lolote, wapita polepole katika mji ulio mpakani mwa Mexico na Marekani. Mara wazuiwa na msongamano, mara wasimama mbele ya askari wa mpaka. Na kando yao wapita mume na mke wengine kwa miguu, ambao nao hawana khabari. Muda wa zaidi ya dakika tatu picha haikatwi hata mara moja! Mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua mpaka bomu lilipuke.

Lakini mwanzo ninaousifu kuliko yote hauna bomu wala bunduki. Ni wa picha iitwayo M, aliyoitengeneza Fritz Lang huko Ujerumani mwaka 1931. Nayo ndiyo picha yake ya kwanza yenye sauti. Mji ni Berlin. Watoto wacheza uani, wamesimama duara, na msichana mmoja ahesabu kwa wimbo unaomtaja mwuaji. Mwanamke mmoja awakemea waache wimbo ule. Ndani ya nyumba, mama mfua nguo asikia saa ikigonga saa sita za mchana, naye atabasamu, maana mwanawe Elsie sasa atoka shuleni. Aandaa sahani ya mtoto. Huko njiani Elsie adundisha mpira wake. Aurusha kwenye nguzo yenye tangazo, nasi twaona kwamba kuna zawadi ya mark 10,000 kwa atakayewezesha mwuaji kukamatwa. Kivuli cha mtu chaangukia tangazo lile, na sauti ya upole yausifu mpira wa mtoto na kumwuliza jina lake.

Mama aitazama saa tena. Watoto wengine wapanda ngazi. Awauliza, nao hawakumwona Elsie. Kengele ya mlango yalia: si Elsie, ni mchuuzi wa hadithi za kusisimua. Huko nje yule mtu amnunulia mtoto puto kwa kipofu mmoja, huku akipiga mluzi. (Uwekeni akilini mluzi huo, maana baadaye kipofu yule ndiye atakayemtambua mwuaji kwa kuusikia.) Mama aita, "Elsie!" Twaona ngazi tupu. Aita tena, twaona dari yenye nguo zilizoanikwa, na sahani isiyoguswa. Kisha mpira wabiringika kutoka vichakani na kusimama. Puto limenasa katika nyaya za simu, latikisika, lachukuliwa na upepo.

Hatukuonyeshwa tone la damu. Kila mzazi aliyewahi kumngojea mtoto aliyechelewa kurudi ameyamaliza yaliyobaki kwa moyo wake mwenyewe.

Nimeisimulia picha hii kwa urefu kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya kutengeneza picha kwa ajili ya makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, aliamini kwamba Mwafrika wa shamba hawezi kufuata picha zinazoruka kutoka mahali hata mahali. Yapasa aonyeshwe mambo polepole, kwa mfululizo, bila hila za ufundi. Kwa kipimo hicho, mama wa jikoni na mtoto wa njiani wangalimpotea kabisa mtu wa Msuka! Lakini ni nani katika sisi ambaye hakupata kumsikia bibi akisimulia, "Basi tumwache huyo mama, turudi kwa mtoto"? Na aghalabu bibi humwacha yule mama mahali pabaya, ili tusilale. Kuruka huko Fritz Lang alikufanya kwa mkasi wa filamu. Bibi hukufanya kwa ulimi. Katika mji wa Unguja, jumba la sinema la Royal lilikuwa limefunguliwa tangu mwaka 1921, na waliokuwa wakienda kutazama hawakungoja kufundishwa na idara yoyote.

Iko namna ya pili, ambayo mtazamaji hajui zaidi ya mchezaji. Picha ya Kihindi Mahal, ya mwaka 1949, iliyotengenezwa na Kamal Amrohi, ni mfano mzuri. Usiku wa mvua na upepo, bwana mmoja, aliyechezwa na Ashok Kumar, afika katika jumba kuukuu alilolipata. Mtunza bustani amsimulia kwamba mwenye jumba wa kwanza alikufa maji, akiwa ameahidi kumrudia mpenzi wake. Bwana yule azunguka vyumbani, aona picha ya mwenye jumba wa kale: uso ni wake yeye mwenyewe. Kisha sauti ya mwanamke yasikika ikiimba. Hapa hatuna la kumwonya, kwa kuwa hatujui la kumwambia. Twamfuata tu, twataka jibu kama yeye alitakavyo.

Namna hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, kwani mwenye kuuliza ana deni la kujibu. Picha nyingi huanza kwa fumbo zuri na kuishia kwa jibu hafifu, na mtazamaji huondoka akiona ameibiwa fedha yake. Picha ya mashua yetu haina deni hilo. Kilichobaki ni kujua kama maji yataonwa mapema, ufuko ungali karibu, au watakapokuwa wamekwisha kulipita mwamba.

Muda wangu umekwisha. Kwaherini.